Jinsi Kinywa Kilivyopata Alama ya Thabiti

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Mwezi huu hauishi kabla Kinywa hakijawa thabiti.

Nieleze vizuri, maana siku moja watu watataka kujua mambo yalianzaje. Kinywa ni programu yangu. Nimeiandika mwenyewe, kwa vidole hivi, kwenye chumba cha nyuma cha maktaba ninapofanya kazi ya ufundi wa kompyuta. Ukikipa maandishi, kinakusomea kwa sauti. Gazeti, kitabu, ujumbe, chochote. Ni programu huria: yeyote anaichukua bure, anaichungulia ndani, anairekebisha akitaka. Wiki iliyopita ilipokelewa kwenye ghala la Linux, mfumo wetu huria wa kuendesha kompyuta, ikawa kifurushi rasmi cha kupakuliwa. Mke wangu alinipongeza, akaendelea kukunja nguo.

Lakini wamekiweka upande wa majaribio! Ghala lina pande mbili. Upande wa majaribio wanaingia wageni wote. Upande wa thabiti wanaingia walioaminika. Ili uvuke, kwanza ukae kama mwezi bila kosa kubwa kuripotiwa. Kisha wajaribuji wakujenge, yaani wakuunde upya kutoka maandishi yako ya programu, na kukuendesha kwenye kila aina ya mashine, na kila mmoja aseme sawa. Ndipo unapewa alama.

Mwezi! Na chumba cha wasomaji wasioona pale maktaba kinafunguliwa tarehe ishirini. Mkutubi Mkuu, bosi wangu, ana sheria yake: kompyuta za wasomaji haziwekewi kitu kisicho na alama ya thabiti. Nikamwambia, mama, mwandishi wa programu yuko hapa hapa jengoni, unamwona kwa macho. Akasema ndiyo sababu.

Halafu kuna shemeji. Kaka wa mke wangu ana kifurushi chake kinaitwa Majira. Ni saa. Saa tu! Kinakaa pembeni mwa kioo, kinaonyesha saa ngapi. Kilipata alama mwaka jana, na tangu hapo hatujala meza moja bila kusikia neno thabiti. Jana aliomba chumvi, akasema iwe ya kawaida tu, si lazima iwe thabiti. Meza nzima ikaangua kicheko. Mke wangu pia. Nilimwona.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata ufumbuzi. Ni mwepesi hata naona aibu kuuandika.

Wanataka mwezi? Nitawapa mwezi. Nikarudisha tarehe ya kompyuta yangu hadi mwanzo wa Februari, nikatuma Kinywa upya. Tayari! Kimeshakaa mwezi.

Saa nne: kumbe ghala linatumia saa yake lenyewe.

Saa tano: kompyuta yangu inakataa kufungua tovuti yoyote. Inadai vyeti vyao vya usalama bado havijaanza kutumika. Hata ya benki. Hata ya hali ya hewa.

Mchana: nilimwandikia Mkutubi Mkuu kwa barua pepe ya ndani ya maktaba kuomba radhi kwa kuchelewa asubuhi. Ujumbe ukamfikia na tarehe ya Februari. Akajibu akiuliza ni kuchelewa kupi, maana Februari kulikuwa kwingi.

Jioni akaniandikia msimamizi wa wajaribuji. Ni mama mmoja anayeishi nchi ya mbali, na mtandaoni watu wote wanamwita Chujio, kwa sababu hakuna kinachopita kwake na makapi. Nilijiandaa kutukanwa. Wala. Alisema ameona tarehe ya ajabu kwenye kifurushi changu, akafikiri huenda betri ya saa ndani ya kompyuta yangu imekufa. Akanielekeza ilipo, namna ya kuitoa bila kuvunja kishikizo, na nisiiguse kwa vidole vyenye jasho.

Nikamshukuru. Ningesema nini? Nimenunua betri mpya. Ya zamani ilikuwa nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Nguvu ya umma! Ghala linasikiliza watumiaji. Watumiaji wengi wakisifu, nani atazuia?

Nikafungulia ndugu akaunti. Mke wangu, mama mkwe, shangazi yangu, binamu wawili, na kinyozi wangu ambaye ni kama ndugu. Nikawaandikia wote maneno ya kunakili: "Nimekijaribu Kinywa kwenye mashine yangu, kinafaya kazi vizuri sana."

Kinafaya. Wote sita wakabandika kinafaya.

Chujio hakucheka hata kidogo. Aliwashukuru mmoja mmoja, akasema ni nadra kifurushi kipya kupata wajaribuji wengi hivi kwa siku moja. Kisha akamwuliza kila mmoja ametumia mashine ya aina gani.

Mama mkwe hakujibu. Kinyozi akajibu ni ya umeme, inachajiwa. Shangazi, ambaye hajawahi kushindwa kujibu swali, akaeleza kwa kirefu kwamba mashine yake ni ya kufulia, inafunguka juu, na kwamba tangu aniruhusu kufanya hayo mambo ya Kinywa haijatoa kelele tena.

Ukumbi mzima wa mtandaoni umesoma. Shemeji pia amesoma. Ameweka picha ya mtu anayelia kwa kucheka. Chujio aliandika tu kwamba mashine za kufulia hazimo bado kwenye orodha yao, lakini anamtakia shangazi nguo safi.

Yule mama ana adabu ya kutisha.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechunguza adui. Huyu Chujio ana chumba kimoja chenye rafu pande zote, na kwenye rafu kuna kompyuta za kila aina iliyowahi kuundwa. Ameweka picha. Nyingine zimefunguliwa tumbo. Katikati amefunga kamba, ameanika soksi, maana anasema joto la mashine linakausha vizuri kuliko jua la kwao.

Kila kifurushi kinachoomba alama anakijenga kwenye zote. Haruki hata moja. Nimeona ripoti zake za miaka mingi. Programu za watu wengine, zisizomhusu, za kuchora ramani, za kupanga muziki, za kuhesabu mifugo. Amezijaribu zote mpaka zikashindwa, akamwambia mwenyewe zilishindwa wapi, zikarekebishwa, akazijaribu tena. Halipwi. Na wako wengine kama yeye: mmoja ni muuguzi, mwingine ameweka mashine yake chini ya meza ya jikoni. Nusu ya dunia inawasha kompyuta asubuhi zinawaka, na haijui kwamba kuna watu walikaa wakahangaika ili ziwake.

Nilijikuta nimesoma saa mbili mfululizo. Nikajikumbusha kwamba huyu ni adui.

Udhaifu wake nimeuona. Kuna aina moja ya mashine, kuukuu kabisa, ambayo mjaribuji wake ni yeye peke yake, na inamchukua siku nyingi kwa sababu inajenga kila kitu polepole. Ikiondolewa kwenye orodha, mambo yatakwenda haraka. Nikaandika mbele ya watu wote: jamani, karne hii nani bado anatumia hiyo mashine?

Akajibu: "Sijui, ndugu yangu. Ndiyo maana najaribu."

Watu kumi na mbili wakaunga mkono jibu lake. Wa kwanza alikuwa shemeji. Damu ya mke wangu!

Jumamosi, 8 Machi

Nimevunjika kiuno. Kompyuta za chumba cha wasioona zimewasili, msaada kutoka kiwanda cha uchapaji kilichofungwa. Nne. Nzito kama majeneza. Mkutubi Mkuu alisimama mlangoni akiniambia nipige magoti nisipinde mgongo, nami nikapinda mgongo.

Lakini zinafanya kazi. Nimeziwekea Linux zote, zimekubali. Na nilipokuwa nimelala sakafuni nikisubiri mgongo urudi, wazo likaja lenyewe.

Wanataka alama kwanza ndipo watu watumie. Tugeuze! Watu watumie kwanza. Nikiwa na mtumiaji halisi, asiyeona, mtu mzima mwenye heshima, akasimama akatoa ushuhuda, Chujio atakuwa na moyo gani wa kukataa?

Mtu huyo ninaye. Mjomba wa mke wangu. Alifundisha hesabu miaka yote mpaka ukungu ulipomfunga macho yote mawili. Anangoja kuitwa hospitali apasuliwe jicho la kwanza. Amengoja zaidi ya mwaka.

Nimeweka Kinywa kwenye kompyuta ya pembeni, nyuma ya nguzo. Mkutubi Mkuu hafiki kule. Kuna upepo unaopenya, anaogopa mafua.

Jumatatu, 10 Machi

Sijui niandike vipi ya leo. Nitaandika tu.

Nilimleta Mjomba kabla ya kufungua. Nikamkalisha, nikamshika kidole nikamgusisha vitufe viwili: cha kuanza na cha kusimama. Nikafungua sanduku lake la barua pepe. Kinywa kikaanza kusoma.

Mjomba aliinua mkono, kama anavyonyamazisha darasa. Akasikiliza. Ujumbe wa mwanafunzi wake wa zamani, aliyepata mtoto. Ujumbe wa dada yake. Matangazo ya magodoro. Yote akasikiliza, mpaka bei za magodoro. Halafu akasema, bila kunigeukia:

"Unajua, mkwe, kwa muda mrefu sijapata ujumbe ambao mtu mwingine hajausoma kwanza."

Nikasema nina kitu jichoni. Akasema hata yeye.

Na kama vile siku imepangwa, ujumbe wa mwisho ulitoka hospitali! Zamu yake imewadia! Aje kupasuliwa jicho la kwanza, tarehe ishirini na moja, saa nne asubuhi. Akausikiliza mara tatu. Akanishika bega akanitikisa mpaka mgongo ukalia. Akasema akiona tu, mtu wa kwanza kumtazama atakuwa mimi.

Hapo nikamwomba ushuhuda. Akatoa, kwa sauti yake ya darasani, nikarekodi. Nimeutuma kwa Chujio. Sikutaja ni mashine gani. Hajauliza mtu.

Jumanne, 11 Machi

Mjomba alirudi mwenyewe, na gazeti la mtandaoni akalisikiliza lote. Akaniita mara moja tu. Alisema viwango vya magazeti vimeshuka sana: wameandika habari za mzee wa miaka kumi na minane aliyestaafu baada ya kulea wajukuu saba. Tukacheka sana. Nikamwambia waandishi wa siku hizi hawasomi walichoandika.

Chujio amejibu kuhusu ushuhuda. Anasema ameusikiliza mara mbili, amefurahi mno, na kwa heshima ya mzee huyo ataanza kukijaribu Kinywa leo hii bila kungoja mwezi uishe, ili kama kuna kosa lijulikane mapema. Ataanza na ile mashine kuukuu kwa sababu ndiyo inayochukua muda.

Nimeshinda! Nimemwambia mke wangu. Akaniuliza kama nimelipa bili ya maji.

Jumatano, 12 Machi

(Anayeandika ni mke. Yeye haoni. Anasema, mimi naandika. Nimesoma na kurasa za nyuma. Tutaongea.)

Asubuhi saa tatu na nusu nilikuwa kazini nikinywa chai. Ikaingia ripoti ya Chujio. Anasema Kinywa kimejengeka vizuri, sauti ni nzuri, amekipa ukurasa wa hadithi kikasoma bila kosa. Kisha akakipa ukurasa wa namba, kama anavyofanya siku zote. Kwenye ile mashine kuukuu, kila namba ya tarakimu mbili kinaisoma kinyume. Thelathini na tano kinaita hamsini na tatu. Kwenye mashine zake nyingine, sawa kabisa.

Alishaona na sababu. Ili kuokoa nafasi nilikuwa nimefunga tarakimu mbili mbili pamoja, na mashine za aina ile hupanga vitu kuanzia upande mwingine. Mwishoni akaandika: kama kuna mtu anayekitumia kwenye mashine ya aina hii, tafadhali aambiwe leo.

Nikaanza kuandika jibu. Nilikuwa nimefika "lakini kama nilivyosema, hakuna binadamu anayetumia". Jicho likatua kwenye kibandiko cha ile kompyuta nyuma ya nguzo. Herufi zile zile. Namba zile zile. Ni mashine ya aina ile ile.

Nikacheka, nikamkumbuka mzee wa miaka kumi na minane. Themanini na moja! Nikacheka tena. Halafu kicheko kikakatika.

Ishirini na moja.

 

Leo ni tarehe kumi na mbili. Saa nne asubuhi ni leo, saa nne asubuhi hii! Nikampigia Mjomba: simu inaita, haipokelewi. Kuna mtu mmoja tu mwenye gari anayekaa karibu naye.  Nikampigia shemeji. Nilitegemea maneno. Hakusema lolote la thabiti. Alisema, "Natoka sasa hivi," na nikasikia funguo.

(Kaka yangu ni mtu mzuri. Aandike hivyo. Nimeandika mimi.)

Hospitali iko mitaa miwili kutoka maktaba. Nikakimbia na mgongo wangu. Nilifika muuguzi anaita majina. Akaita jina la Mjomba. Kimya. Akaita tena, akainua kalamu afute. Zaidi ya mwaka mtu amengoja! Mdomo wangu ukasema wenyewe: "Nipo!"

Akaniangalia. Akaangalia karatasi. Akasema imeandikwa una miaka sabini na moja. Nikasema ndiyo. Akasema umejitunza.

Nikakalishwa kwenye kiti. Nilidhani nitakaa tu niweke nafasi. Kumbe ana chupa. Akaniinua kidevu, akanidondoshea dawa jichoni, na kabla sijapata la kusema akanidondoshea na la pili. Akasema dawa hiyo inapanua mboni, nisiogope nikiona ukungu.

Nikaona ukungu.

Nikawa bado nimekaa hivyo, machozi yananitiririka, nikasikia sauti ya darasani mlangoni ikisema jina lake kamili, na sauti ya shemeji nyuma yake ikihema. Muuguzi akauliza, sasa huyu ni nani? Sitaandika alichoniambia nilipojieleza.

(Alimwambia ana bahati haikuwa zamu ya meno ya kung'olewa.)

Mjomba alichelewa. Lakini daktari naye alichelewa zaidi. Wakamchukua.

Shemeji akanirudisha nyumbani akiwa amenishika mkono kama bibi harusi. Njia nzima akiniambia kuna ngazi, kuna shimo, kuna mbuzi. Mbuzi hakuwepo.

Mchana wote sikuweza kusoma hata herufi. Nikamwomba mke wangu aniwashie Kinywa kwenye kompyuta ya nyumbani, ambayo si ya aina ile, kinisomee ripoti nzima ya Chujio kuanzia mwanzo. Asubuhi nilikuwa nimeirukaruka. Sasa sikuweza kuruka. Nikakaa gizani, kikanisomea kurasa sita. Kila neno alilojaribu. Kila mara alipoanza upya ahakikishe si mashine yake yenye kosa. Mahali pamoja ameandika kwamba sauti ya programu hii ina huruma, na mwandishi wake bila shaka ni mtu makini.

(Hapa hakuwa anacheka. Nimemletea leso.)

Ijumaa, 14 Machi

Naona. Naandika mwenyewe. Kurasa hizi sasa zitakaa mahali pengine.

Mjomba ametolewa bandeji jana. Kama alivyoahidi, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza. Alinitazama kwa jicho moja, muda mrefu, kama anatazama hesabu ya mtoto mzembe. Akasema, kumbe ndiyo sura yenyewe. Nikamweleza yote, tarehe na namba kinyume. Nilitaka kuanza na hospitali kutoandika tarehe kwa maneno, lakini lile jicho lilikuwa jipya na lilikuwa linaona sana. Nikasema lilikuwa kosa langu.

 Akauliza nani aliyelikamata. Nikamweleza habari za Chujio, rafu zake, soksi, na ukurasa wa namba anaoupa kila programu bila kuulizwa. Mjomba akasema huyo ndiye mwalimu. Akasema tena: "Huyo ndiye mwalimu."

Mkutubi Mkuu amejua. Alikwenda nyuma ya nguzo na mafua yake, akaniita. Nilitegemea barua ya kufukuzwa kazi. Akaniuliza tu, kosa limesharekebishwa? Nikasema limesharekebishwa, toleo jipya limekwenda ghalani leo, ila mwezi unaanza upya. Akasema basi chumba kitafunguliwa alama ikipatikana. Nikasema lakini wageni wamealikwa kwa tarehe ishirini. Akasema wageni wanaona, wanaweza kungoja.

Sikujua ana maneno kama hayo.

Alhamisi, 17 Aprili

Mwezi mzima sikufanya lolote. (Nilimwandikia Chujio mara tatu nikiuliza kama Pasaka inahesabiwa mara mbili. Hiyo si hila, ni swali.)

Leo wameanza. Kuna ukurasa ghalani ambapo kila aina ya mashine ina kisanduku chake, na mjaribuji akimaliza kinageuka kijani. Niliufungua asubuhi, nikaacha kazi zote. Cha kwanza kugeuka kilikuwa cha yule mjaribuji muuguzi, akitoka zamu. Kisha cha yule wa chini ya meza ya jikoni. Huyo aliandika kwamba Kinywa kimemsomea maelekezo ya kupika mpaka akaunguza sufuria, lakini kosa la sufuria si la programu. Kisha cha mtu nisiyemjua kabisa. Kisha cha mwingine. Watu ambao sitawaona maishani, kila mmoja mahali pake, wanakalisha kitu changu mbele yao na kukiuliza kwa uaminifu: je, unafanya unachosema unafanya?

Shemeji alikuja kusimama nyuma yangu.  Mke wangu akaja. Mkutubi Mkuu akaja na kikombe.

Kikabaki kisanduku kimoja. Cha ile mashine kuukuu. Inajenga polepole. Tukangoja. Saa saba, saa nane. Saa tisa Chujio akapiga simu mwenyewe, mara ya kwanza nasikia sauti yake. Ni nyembamba, ya mtu anayekohoakohoa. Nyuma yake mashine zinavuma kama nyuki.

"Ndugu mtunzaji wa Kinywa," akasema, "nimekipa ukurasa wa namba. Sikiliza."

Akaweka simu karibu. Nikakisikia Kinywa, mbali kabisa, kikisoma kwenye mashine ya chuma kikuukuu: kumi na mbili. Ishirini na moja. Thelathini na tano. Themanini na moja. Zote mahali pake.

Kisanduku kikawa kijani. Mkutubi Mkuu akapiga makofi kisha akajidai alikuwa anafukuza mbu.

Jumamosi, 19 Aprili

Chumba kimefunguliwa. Hotuba zilikuwa fupi. Mjomba hakutumia Kinywa. Alisoma gazeti la karatasi kwa jicho lake, karibu na dirisha, kwa sauti ya juu ili tujue. Mtumiaji wangu wa kwanza ameniacha kwa sababu anaona! Nilisikia raha na wivu kwa pamoja.

Lakini kwenye kompyuta ya nyuma ya nguzo alikaa mama mmoja, mpokea simu wa zamani, amekuja na fimbo yake na chupa ya maji. Alichagua kitabu kinene cha hadithi. Wageni wakaondoka, yeye yuko. Viti vikapangwa, yeye yuko. Mara anacheka peke yake, mara anasema, "Wee! Usifungue huo mlango!" kumwambia mtu wa kitabuni. Mkutubi Mkuu, ambaye hufunga saa kumi na moja hata mfalme akiwa ndani, alivuta kiti akakaa mlangoni, akangoja mlango wa kitabuni ufunguliwe.

Nimemwandikia Chujio kuhusu mama huyo. Amejibu kwa neno moja: "Asante." Kisha ujumbe wa pili: kwa kuwa maktaba yetu ina mashine nne za aina ile, na yeye yuko peke yake na kifua chake si kizuri, je, ningekubali kuwa mjaribuji wa pili? Nitapewa mamlaka ya kugeuza kisanduku.

Mimi! Nilisimama. Nilikuwa peke yangu chumbani lakini nilisimama. Nimeapa kwa sauti kwamba nitakuwa kama yeye. Ukurasa wa namba. Kila kifurushi. Hakuna kuruka.

Jumanne, 22 Aprili

Siku ya kwanza kama mjaribuji kamili wa ghala. Nimejifunza mengi mno kwa miezi hii miwili, nimekuwa mtu mwingine. Uvumilivu! Uangalifu! Nimemwambia kila mtu kazini. Kinyozi nimemwambia mara mbili.

Vifurushi vilivyokuwa vinangoja vilikuwa vitatu. Viwili ni vya watu nisiowajua. Nimevikazania mchana kutwa, nimevipa namba, nimevipa ukurasa mtupu, kimoja nimekikuta kina kosa dogo la tahajia nikakirudisha kwa barua yenye adabu. Kwa kweli nilimsikia Chujio ndani ya sentensi zangu.

Cha tatu ni Kinywa, toleo jipya. Nilikimaliza leo saa sita mchana: sasa kinasoma kwa kasi mara mbili, maana nimepanga upya jinsi kinavyohifadhi namba. Hospitali wamesikia habari zake, wanakitaka kesho asubuhi kwenye kompyuta ya mapokezi, nayo ni ya aina ile ile kuukuu, kiwe kinawasomea wagonjwa tarehe zao. Kesho! Haiwezekani kungoja mwezi. Nikaomba kisamehewe muda, na kwa kuwa wa kuamua ombi hilo kwa mashine hizi ni mimi, nikalikubali haraka.

Kisanduku nimekigeuza kijani saa sita na dakika tano. Sikuona haja ya kukiendesha. Namjua aliyekiandika.